Mizani Moja Iliyopungua

Msinunue ufutio. Kama mmeshaununua, wapeni wadogo zenu wa darasa la pili wanaojifunza kuchora duara. Anayetaka kutunga anahitaji penseli, daftari lenye mistari, na uvumilivu wa kuliona kosa lake likikaa palepale lilipozaliwa. Neno likiwa baya, likate kwa mstari mmoja mwembamba, ili kesho uweze kulisoma tena. Nitawaeleza sababu, lakini kwa utaratibu wangu, na utaratibu wangu ni wa polepole.

Mwalimu wenu wa Kiswahili ameniomba niwaandikie kurasa chache kwa ajili ya kikundi chenu cha utunzi. Alisema, "Waeleze jinsi ushairi unavyobeba imani ya mtu na mambo aliyoyapitia." Nilimjibu kwamba mimi si mtu wa kuulizwa swali hilo. Kwa miaka ishirini na saba nilitunga ngonjera za shule, mashairi ya harusi, ya kuaga walimu, ya kuwatoa watoto jandoni na ya kupokea wageni, kuanzia Masasi mjini hadi huku Newala juu, na katika hayo yote imani yangu mwenyewe haikuhitajika. Walihitaji vina viwili na mizani kumi na sita. Mwalimu akasema niandike hivyo hivyo. Basi naandika hivyo hivyo, na atakayekasirika amkasirikie yeye.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Utunzi nilijifunza Lukuledi, nilipokuwa nakaa kwa mjomba nikimsaidia shamba la mikorosho. Jirani yake alikuwa mwalimu mstaafu, Mwalimu Chilumba, mtu mwembamba aliyevaa soksi hata siku ya kupalilia. Alinikuta nasoma gazeti lililofungiwa vitunguu, akaniuliza kama ninaelewa ninachosoma. Nikamwambia naelewa maneno yote isipokuwa yaliyokatikia kwenye kona. Siku hiyo hiyo akaniazima kitabu cha kanuni za ushairi kisicho na jalada, akanipa wiki mbili. Nilikinakili chote kwa mkono.

Kila Jumamosi nilimpelekea beti tatu. Aliketi na rula, nikisoma anagonga meza, kila silabi pigo moja. Nikifika mwisho wa kipande na rula ikabaki hewani, alisema, "Imepungua moja. Nenda kaijaze." Hakusema kwa nini, wala kwa kitu gani. Neno lolote lililojaza pengo lilikubalika. Na jambo la pili: hakusoma ukurasa wenye neno lililokatwa. Aliurudisha kwa ncha za vidole kama karatasi iliyofungiwa samaki. "Futa vizuri, andika upya," alisema. Nilinunua ufutio mkubwa wa rangi mbili, na kwa miaka mingi haukukosekana mfukoni mwangu.

Simlaumu Mwalimu Chilumba. Alinipa nilichokuwa nakitaka, na bila yeye ningebaki mtu wa kusoma magazeti ya vitunguu. Lakini alinifundisha kujaza na kufuta, na mimi nikadhani nimefundishwa kutunga.

Makosa ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha, na hayo nayaeleza kwa hiari. Nilikuwa na shairi moja la harusi ambalo nililitumia kila mahali, nikibadilisha majina tu. Nafasi ya bwana harusi ilikuwa silabi tatu. Wakioana kina Salumu, kina Hamisi, kina Yusufu, mambo yalikwenda sawa. Siku moja Masasi, bwana harusi akawa Selemani. Se-le-ma-ni, nne. Nilikaa saa nzima nikihesabu kwa vifundo vya vidole, mwishoni nikakata mkia: Selema. Nikasimama mbele ya watu, nikasoma kwa sauti ya juu kwamba bibi harusi amempata Selema wake, ampendaye kuliko wote. Baba mdogo wa bibi harusi, mzee mnene mwenye koti, akasimama.

"Samahani, mtunzi. Huyo Salma ndiye nani?"

"Si Salma, baba. Ni Selema."

"Nimesikia. Nauliza ndiye nani, na mkwe wangu kampendea wapi?"

Mashangazi wa bwana harusi walicheka mpaka wakaegemeana. Bibi harusi mwenyewe alikuwa ameinuka nusu, anamtazama mumewe. Ilibidi Selemani aape mbele ya wote kwamba hamjui Salma yeyote. Mpaka leo nikipita Masasi, yuko mtu ananisalimu kwa jina la Salma.

Chukueni hapo la kujifunza: jina la mtu halikatwi ili litoshe kwenye shairi. Shairi ndilo linalokatwa. Mimi nilicheka pamoja na wenzangu, sikujifunza.

Sasa niwaambie nilivyofika huku juu. Kwetu ni Chiwata. Nyuma ya nyumba ya mama yangu kulikuwa na kisima. Ukiamka unasikia kamba ikilia. Nilipooa nilihamia kwa mke wangu, kama ilivyo desturi ya Wamakonde, katika kijiji kilicho mbele kidogo ya Makote. Ni nchi ya mchanga mwekundu na mikorosho, yenye upepo mzuri, na haina maji. Maji yako bondeni. Wanawake wanashuka jua likichomoza, wanapanda jua likiwa kichwani. Mke wangu, Mama Saidi, alianza kushuka akiwa na miaka saba, na kopo la mafuta ya kupikia. Mimi nilikuwa mwanamume, na mgeni, na mtunzi. Sikuwahi kushuka. Niliyakuta maji ndani ya mtungi, kama nilivyoyakuta kwetu ndani ya kisima, na sikuona kwamba yamefika kwa njia tofauti.

Mama Saidi alikuwa na nyimbo. Nasema alikuwa nazo kama mtu anavyokuwa na dawa au na watani; hazikuwa za sherehe. Mimi nyumbani kwetu tulisema Kimakua, kwao Kimakonde, kwa hiyo ndani ya nyumba yetu tulikutana kwenye Kiswahili, na nyingi za nyimbo zake alizitunga kwa Kiswahili hicho hicho cha nyumbani. Alasiri moja alikuwa anamenya mihogo kibarazani, anaimba wimbo wa njia ya maji. Wanawake wote wa kijiji waliujua na waliujua kuwa ni wake. Nikachukua daftari.

"Unaandika nini, Baba Saidi?"

"Wimbo wako."

Akaacha kisu. Akacheka, akajifuta mikono kwenye kanga. "Huu wa njiani? Utaandikwa kitabuni?"

"Naandika tu. Rudia polepole."

Akarudia ubeti baada ya ubeti, akisubiri penseli yangu ifike mwisho wa mstari kabla hajaendelea. Zilikuwa beti sita. Ubeti wa kwanza ni huu:

*Tunashuka na ndoo,*
*tunapanda na maji,*
*kichwa hiki si changu,*
*ni cha ndoo.*

Hesabuni. Mistari mitatu ina mizani saba saba. Wa nne una nne. Mimi nilihesabu kabla wino wa akili yangu haujakauka, nikatikisa kichwa kwa huruma. Nilimpenda mke wangu, na niliona kwamba hajui kuhesabu.

Kabla sijaendelea, lazima nimtaje Mchopa, mchongaji wa Makote, kwa sababu alinionya mwaka huo huo nami sikusikia. Ni mtani wangu na wa rika langu. Nilimkuta anachonga kichwa cha mwanamke kwa mpingo, kazi safi sana, macho yamefumbwa nusu. Lakini utosini palibonyea, kama mtu amekandamiza udongo kwa kiganja.

"Mtani, hapa umekosea," nikamwambia. "Utosi umeingia ndani. Sawazisha."

"Mpingo hauongezwi. Nikitoa, nimetoa."

"Basi punguza pembeni, pawe sawa. Mnunuzi ataona ni kosa."

"Asinunue." Akapuliza vumbi. "Wamakua bwana! Hata mkipiga chafya mnahesabu ngapi. Huyu ni mama yangu."

"Mama yako alikuwa na kichwa namna hii?"

"Sikumpima kwa rula kama wewe. Alipougua nilimnyoa nywele. Mkono wangu ukaingia hapo." Akaweka kidole gumba kwenye lile bonde dogo, kikatosha kabisa. "Ndoo, mtani. Miaka hamsini ya ndoo."

Nikaona ni habari ya kusikitisha, nikamuaga, nikaenda zangu. Njiani nilikuwa nafikiria neno linaloishia na *-ndoo*. Kile kichwa hakukiuza. Kiko juu ya kabati lake hadi leo, na kila ninapoingia kwake nakaa nikitazama mlangoni.

Ndipo ukaja mradi wa maji. Mabomba yalifukiwa, matangi yakajengwa, na siku ya uzinduzi ikatangazwa. Uongozi wa kijiji ukaniita: mgeni rasmi anakuja, watoto wa shule waghani ngonjera, nina siku nne. Waliniagiza kitu kimoja tu. "Isiwe ya vitabuni," mtendaji alisema. "Iwe na sauti ya akina mama wenyewe."

Sauti ya akina mama nilikuwa nayo ndani ya daftari. Nikafungua ukurasa, nikatoa ufutio.

Msinielewe vibaya, sikukaa chini nikasema sasa nitamdanganya mke wangu. Nilikaa kufanya kazi kwa utaratibu, kama siku zote. *Tunashuka na ndoo*: saba, imepungua moja. Nijaze nini? *Tunashuka* ina silabi nne, natafuta yenye tano, yenye sauti ya karibu ili wimbo usipotee. Lilikuja lenyewe, bila kuitwa, nikafurahi kama mtu aliyeokota shilingi: *tunashukuru*. Nane. *Tunapanda* nayo ikawa *tumepatiwa*. Nane. Ule mstari mfupi wa nne ulikuwa kilema kisichotibika, nikauondoa wote pamoja na kichwa chake. Nikafuta, nikapuliza makombo, nikaandika juu ya ukurasa ule ule, kwa kuwa daftari lilikuwa linakwisha:

*Tunashukuru na ndoo, tumepatiwa na maji,*
*kimeondoka kilio, neema ndani ya mji.*

Tazameni ilivyo safi. Vina vya kati vimekaa, vya mwisho vimekaa, mizani kumi na sita kila mshororo. Mwalimu Chilumba angeweka rula chini na kunyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa ndiyo sifa. Beti sita zote nilizitengeneza hivyo kwa siku mbili. Kila neno lake lililopungua nililijaza, na kila nilipojaza, malalamiko yalitoka na shukrani ikaingia, kwa sababu maneno ya shukrani huku kwetu yako tayari, yamepimwa na yamezoeleka mdomoni. Maneno ya kuchoka kila mtu hujitengenezea yake, na hayana urefu mmoja.

Siku yenyewe maji yalitoka. Mgeni rasmi alifungua koki, yakaruka, watu wakapiga vigelegele. Watoto wakajipanga na ndoo za plastiki mpya, wakaghani vizuri, ingawa kwa ulimi wetu wa huku ilikuwa *tunashukulu*. Wanawake walikuwa wamekaa chini upande wa kushoto. Waliposikia sauti ya wimbo wanaoujua walianza kutabasamu, wengine wakafungua midomo ili waitikie. Kisha maneno yakapita tofauti. Niliona vichwa vikigeuka, kimoja kimoja, kumtazama Mama Saidi. Jirani yetu Mama Fadhili hakuweza kujizuia:

"Kumbe shoga yangu siku zote ulikuwa unashukuru! Na sisi tukadhani unalia."

Wakacheka. Mama Saidi alijifunika kanga mdomoni kama anayecheka nao. Mgeni rasmi katika hotuba yake akasema amefarijika kusikia, na hapa akatazama karatasi, kwamba kilio kimeondoka.

Jioni Mama Saidi alinipakulia chakula, akakaa.

"Baba Saidi, wimbo wangu ulikuwa na kosa gani?"

"Haukuwa na kosa. Ulipungua mizani."

"Ngapi?"

"Moja moja. Mwingine nne."

"Ukaijaza."

"Nikaijaza."

"Na shukrani."

Nikamweleza kanuni. Nilimweleza kwa urefu, hatua kwa hatua, kwa mifano. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua sahani, akasema, "Sawa, nimeelewa. Asante kwa kunifundisha." Tangu siku ile sijamsikia akiimba. Wanawake wenzake walisema hata njiani alinyamaza, na kwamba wakimwanzishia aliwaambia, "Huo sasa ni wa shule."

Koki zilitoa maji kwa wiki chache, zikakohoa, zikakauka. Walisema ni pampu, kisha wakasema ni umeme, kisha wakaacha kusema. Wanawake wakarudi bondeni. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaombwa kuiandika ngonjera ukutani mwa ofisi ya kijiji, kwa rangi ya buluu, herufi za kiganja kimoja, kazi ya siku tatu. Nilitumia uzi na chaki ili mistari isipinde. Iko sawasawa hadi leo. Mvua haijaiharibu, maana nilipaka mara mbili.

Miaka miwili baadaye akina mama walikusanyana, wakaenda ofisini kudai koki zitengenezwe. Mama Saidi alikuwa mbele. Ndiye waliyemchagua aseme. Mimi nilikuwepo, nimesimama nyuma na wanaume. Alisema vizuri, bila kupandisha sauti: njia inateleza, Mama Fadhili amevunjika mkono, wasichana wanachelewa shule. Mtendaji, ambaye alikuwa mpya, hakuwepo siku ya uzinduzi, alimsikiliza huku akigongesha kalamu. Kisha akanyoosha kalamu hiyo ukutani.

"Mama, mimi nimekuta haya hapa. Someni wenyewe. Nani ameandika kwamba kilio kimeondoka? Si ninyi? Imeandikwa na akina mama."

Mama Saidi aliugeukia ukuta, akausoma wote, polepole, mpaka chini. Chini kabisa kwenye kona nilikuwa nimeandika, kwa herufi ndogo nzuri: *Sauti ya akina mama*. Nilipaswa kusema kitu. Nilikuwa na sauti, nina mazoea ya kusimama mbele ya watu, nilisimama mara nyingi kwa ajili ya kina Selemani. Nilitazama herufi zangu. Nikaona *n* moja imepinda kidogo. Ndicho nilichokiona.

Walitawanyika. Yeye alipita karibu nami hakunitazama, na mimi sikumfuata.

Mwezi ule niliacha kutunga. Watu wanadhani niliacha kwa sababu ya macho, na mimi huwaacha wadhani hivyo. Niliomba ruhusa ya kuupaka ukuta chokaa, wakakataa. Wakasema ni kumbukumbu ya kijiji. Nikaamua basi angalau nimrudishie wimbo wake kama ulivyokuwa. Hapo ndipo nikajua nilichofanya. Ubeti wa kwanza ninao kichwani, nimewaandikia hapo juu. Nyingine tano sina. Nilizifuta vizuri, kama nilivyofundishwa.

Nimekaa na daftari hilo miaka. Ukilishika mshazari dirishani, saa nne asubuhi, mwanga ukiingia kwa upande, karatasi inaonyesha mifereji ya penseli ya kwanza chini ya ile ya pili. Nimeokoa vipande vichache: *mawe*, neno linaloanza na *sho-*, na katika ubeti wa pili, mstari wa tatu, *ja*, kisha pengo la herufi moja au mbili, kisha *i*. Nilijaribu *jamii*. Nilijaribu *jaji*. Hakuna lililoketi. Nilimwuliza mwenyewe, zaidi ya mara moja, kwa adabu yote.

"Nimesahau," alisema kila mara. Na mtu aliyesahau kweli hutulia kidogo akitafuta. Yeye alijibu papo hapo.

Siku hizi mnaandika kwa simu. Naona mnavyofanya: kidole kimoja kinashikilia, neno linarudi nyuma linamezwa, herufi kwa herufi, mpaka mwanzo. Simu haiachi hata mfereji. Ndiyo sababu nimeanza na ule ufutio. Siwakatazi kurekebisha. Nawaomba mjue kwamba neno la kwanza, lile lenye kasoro, ndilo lililotoka kwa mtu, na mengi yanayofuata hutoka kwenye mazoea.

Mwalimu wenu aliponiletea ombi lake, nilijaribu kuandika kurasa hizi mara tatu nikashindwa. Nilikuwa nataka kuwaeleza wimbo unaotokana na njia ambayo sijawahi kuikanyaga. Wiki iliyopita, asubuhi moja, goti la Mama Saidi likiwa limevimba na mkwe wetu amesafiri, nilichukua ndoo nikashuka.

Niliwakuta wanawake kwenye kona ya kwanza.

"Shikamoo, Baba Saidi. Umepotea njia?"

"Marahaba. Nafuata maji."

"Haa! Mama Saidi amekufukuza?"

"Bado."

"Ngoja akuone unavyobeba, atakufukuza leo leo."

Nikaenda nao. Njia imechimbwa na miguu hadi imekuwa ngazi za mawe, na kila ngazi ni ndefu kuliko unavyotaka. Nilikuwa naimba moyoni ule ubeti mmoja, na kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi niijuayo, nikahesabu. Silabi moja, hatua moja. *Tu-na-shu-ka-na-ndo-o*: hatua saba, kisha jiwe kubwa, na kwenye jiwe lile unakanyaga kimya, unafunga breki kwa kisigino, pumzi imezuiliwa. Saba na moja. Ngazi zote ziko hivyo, kwa sababu maji ya mvua yamezichonga hivyo, au kwa sababu wanawake wameziimba hivyo, sijui. Wakati wa kupanda, ndoo imejaa utosini, nilifika *ni cha ndoo*, silabi nne, na hatua nne zilizofuata sikuweza kusema chochote. Sikuwa na hewa ya kusemea. Nikasimama pale katikati ya mteremko, mikono yote miwili kwenye ndoo, maji yananimiminikia shingoni. Nane, na nane, na nane, na nane. Wimbo wake haukupungua popote. Nilizozijaza mimi zilikuwa hatua zake.

Nilifika nyumbani shati limelowa mpaka kiunoni. Mama Saidi alikuwa amekaa na goti lake juu ya kigoda, anapepeta mbaazi. Alichungulia ndoo.

"Nusu umeinywesha njia."

"Yanaruka. Kila hatua yanaruka."

"Hukuweka jani?"

"Jani gani?"

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa miaka thelathini na bado anauliza choo kiko wapi. "Jani. Juu ya maji, ili yasiruke. Kila mtu anaweka jani."

Nilitua ndoo, nikaingia ndani bila kubadilisha shati. Nikafungua daftari, nikalishika mshazari dirishani. *Ja*, pengo, *i*. Nikachukua penseli, nikaandika *n*, kwa wepesi, pembeni, bila kugusa mifereji. Ilitosha.

Nikatoka nalo mkononi. "Mama Saidi. Ubeti wa pili. Ulikuwa na jani."

Ungo haukusimama. Alipepeta mara mbili, tatu, makapi yakaruka upande wa miguu yangu.

"Ubeti upi, Baba Saidi?" akasema. "Ngonjera yako haina jani."